Aliyezikwa kwa Jina la Msabah

Aliyekuwapo juma lililopita anayajua haya. Asiyekuwapo na asogee karibu, tusimwache nyuma.

Bomu liliripuka Kiponda, Alasiri ya Ramadhani, mbele ya duka la sharubati la Bi Nassra, wakati nusu ya mji iko vichochoroni ikinunua futari. Wako waliokufa na kaimati mkononi. Msabah, fundi wa mafriji, alikuwa na kazi mle dukani. Mkewe, Riyama, alimtafuta hospitali wodi kwa wodi mpaka akafikishwa mbele ya maiti isiyokuwa na uso. Ilikuwa na ovaroli ya buluu, na mfuko wa kifuani ulikuwa na kiraka alichokitia yeye mwenyewe Riyama kwa uzi mwekundu, maana siku aliyoshona hakuwa na uzi mwengine.

Akasema, "Ndiye." Akaanguka pale pale.

Shemejiye, Hamad, ndugu wa Msabah baba mmoja mama mmoja, akaichukua maiti, akaikosha, akaizika. Riyama akaingia eda.

Tulifika hapo. Sasa sikilizeni.

Hitma ilisomwa baada ya Adhuhuri. Mwezi wa saumu hakuna cha kuwaandalia watu wala cha kuwaweka. Walisoma, wakaomba dua, wakapeana mikono, wakatawanyika. Ndani walibaki Riyama, kajifunika kanga juu ya mkeka, na chumba cha pili mama mkwe wake, Bi Mwanapili, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti imemkauka. Sasa hata kulia hakuwezi tena. Alikuwa akikoroma tu kama mtu anayesukuma kitu kizito.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

Aliyeingia alikuwa Mama Severini.

Mwanamke wa Welezo huyu, Mkristo, wazee wake walitoka Tabora tangu enzi za mashamba ya mikarafuu. Mwanawe wa pekee, Severini, alikuwa mshirika wa Msabah katika karakana. Vijana wale waliitana ndugu, na haikuwa ya mdomoni. Riyama alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Msabah yuko Pemba kikazi, aliyempeleka hospitali na kumshika mkono mpaka mtoto akalia ni huyu huyu Mama Severini.

Siku ile alikuja kajitanda kitenge kichwani kwa heshima ya msiba. Miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana." Akakaa, akamkumbatia, akamwachia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu asichostahili, "Riyama, Severini hajaonekana."

Riyama alishtuka. Si kwa habari yenyewe, bali kwa aibu. Katika siku zote zile hakumkumbuka Severini hata mara moja.

"Hajaonekana vipi?"

"Nimemtafuta kila pahala. Majeruhi nimewaangalia mmoja mmoja, wengine nimewafunua shuka. Nimeingia kwenye maiti. Hayumo. Simu haipatikani. Nimefika mpaka Bumbwini kwa binamu yake, nikidhani pengine kapata mshtuko akakimbia. Hayupo."

"Na siku ile alikuwa wapi?"

"Alinipigia kabla kidogo. Anacheka. Akaniambia, 'Mama, nipo kwa Bi Nassra, natia gesi friji, niko peke yangu, Msabah kaenda msikitini kusali Alasiri.' Ndiyo maneno yake ya mwisho."

Riyama alimsogelea.

"Alisema yuko peke yake?"

"Ndivyo alivyosema." Mama Severini aliinamisha macho. "Mwanangu, sikuja kukutonesha kidonda. Lakini mimi silali. Yule uliyeonyeshwa, uliuona uso?"

"Hakuwa na uso, mama."

"Ulimjua kwa nini?"

"Kwa ovaroli yake."

"Ovaroli zao wale wanazitundika msumari mmoja, Riyama."

Upande wa pili Bi Mwanapili alikoroma, akanyamaza.

"Nisubiri, mama," alisema Riyama. "Nakuja sasa hivi."

Akatoka uani. Hamad alikuwa akikunja mikeka iliyoazimwa kwa majirani.

"Shemeji."

"Naam."

"Maiti uliikosha wewe."

"Mimi na maalim. Mungu atulipe."

"Mguu wa kushoto. Kidole kidogo."

Msabah hakuwa na kidole hicho. Kilikatwa na bati alipokuwa mdogo, na Riyama alikuwa akimtania nacho tangu siku ya harusi. Hospitali alionyeshwa kifua tu, miguu ilifunikwa.

Hamad aliendelea kukunja mkeka. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Hamad! Nakuuliza kidole!"

"Punguza sauti."

"Kilikuwapo?"

Hamad akatazama mlangoni, akatazama juu kwenye madirisha ya jirani.

"Kilikuwapo," alisema.

Ya kwanza kumjia ilikuwa furaha. Msimlaumu, hata nyinyi ingewajia. Ilimpanda kutoka tumboni mpaka machoni, akaziba mdomo kwa kanga asije akapiga kigelegele kwenye nyumba ya msiba. Msabah hakufa! Kisha akakumbuka nani amekaa ndani kwenye mkeka wake, na furaha ile ile ikamgeukia ikawa kama kisu.

"Yuko wapi?"

"Matemwe, kwa shangazi. Hajatoka nje tangu siku ile."

"Kwa nini hakurudi? Kwa nini hakunipigia hata simu, Hamad? Mimi nimelala chini nalia, nimekalia eda ya mume aliye hai!"

"Alitoka msikitini akakuta moto. Akasikia watu wanapiga kelele, 'Friji limeripuka! Friji la mafundi!' Akadhani ni kazi ya mikono yake, kakosea kitu, kaua watu. Akakimbia. Alipofika Matemwe ndipo akasikia kwamba ni bomu. Na bomu lenyewe lilikuwa ndani ya friji lile, Riyama. Lilitoka karakana kwao asubuhi ile ile."

Riyama akashika ukuta.

"Sasa unafahamu?" Hamad alisema kwa haraka, mate yamemkauka. "Nilipofungua nguo pale kwenye kukosha, nikaona mguu, nikajua si yeye. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini nje kulikuwa na watu wanasema wakimpata fundi wa friji lile wanamchoma moto hapo hapo. Nikajiambia, wakidhani kafa, hakuna atakayemtafuta. Nikafunga sanda."

"Maalim hakujua?"

"Maalim angejuaje vidole vya Msabah?"

"Na mama? Mama yenu yumo mle ndani sauti imemkatika, na wewe unamsikia!"

"Namsikia."

"Hukumwambia?"

"Mama hawezi kuigiza. Hata wewe usingeweza. Vilio vyenu ndivyo vilivyowafanya watu waamini. Nikawaacha mlie."

Riyama hakujua mkono wake ulivyoinuka. Kofi lilimpata Hamad shavuni, likasikika mpaka kwa jirani. Hamad hakujitetea. Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye.

"Nani alilileta friji lile karakana?" Riyama aliuliza.

"Sijui."

"Msabah hakukwambia?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza! Watu wamekufa, umemzika mtoto wa mtu kwa jina la ndugu yako, na hukumuuliza?"

"Niliogopa jibu, shemeji."

Hapo Riyama alikaa chini kwenye saruji. Alimjua mumewe. Alijua kwamba Msabah akiona paka kagongwa barabarani hali chakula siku ile. Lakini alijua pia kwamba siku za karibuni alikuwa mzito wa maneno, simu anaipokelea nje, ukimwuliza kulikoni anasema ni mambo ya kazi. Mke anakijua kitanda chake. Yaliyomo kichwani mwa mtu anayajua Mola.

"Yule mama anataka mwanawe," alisema.

"Ukimpa mwanawe, umewapa mumeo. Hakuna njia ya tatu. Kaburi lile likiwa la Severini, Msabah ndiye aliyekimbia. Chagua."

Neno lile "chagua" alilisema kama vile anamwuliza achukue samaki gani sokoni.

Riyama akarudi ndani. Toka uani mpaka chumbani si mbali, lakini alifika kachoka. Mama Severini alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, kama mgonjwa anayengoja daktari aseme.

"Mama," alisema Riyama, "aliyezikwa ni Msabah."

"Una hakika, mwanangu?"

"Ana kidole kilichokatika, mguu wa kushoto. Hamad kamkosha, kakiona kwa macho yake. Pengine alisali akarudi dukani. Sala ya Alasiri si ndefu."

Alikuwa amefunga. Aliusikia uongo ule ukimpita mdomoni mkavu, akajua kwamba saumu yake imekwenda, na kwamba hiyo ndiyo ndogo katika yaliyokwenda.

Mama Severini akafumba macho. Midomo ikacheza. Kisha uso wote ukafunguka, na Riyama akatamani ardhi immeze, maana mwanamke yule alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Basi mwanangu yu hai! Ee Mungu wangu! Yu hai mahali!" Kisha akashtuka, akamshika Riyama mikono yote miwili. "Nisamehe. Nisamehe mwanangu, mimi nafurahi juu ya msiba wako. Mwanamke mwovu mimi. Nisamehe."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nilikuwa namwomba Mungu isiwe Severini, na kila nikiomba hivyo najua naomba iwe Msabah. Na Msabah nilimlisha kwa mkono huu. Nisamehe."

Akambusu viganja. Riyama akawa anavitazama viganja vyake kama si vyake.

Laiti mambo yangeishia hapo! Lakini balaa haliji peke yake, huja na jamaa zake.

"Assalaam alaykum! Hodi!"

Aliingia mwanamke wa makamo kavaa baibui, mkoba begani, na nyuma yake askari wawili wakabaki mlangoni.

"Wa alaykumu ssalaam," Riyama alijibu.

"Pole na msiba. Mimi naitwa Tabia, ni wa upelelezi. Wamenileta mimi kwa sababu nimeambiwa uko edani, hupaswi kukaa na wanaume. Sitakuweka sana." Akakaa mkekani bila ya kungoja. "Bomu lilifungwa ndani ya friji, kwa nyuma, penye mota. Alilifunga mtu anayejua friji. Mafundi walikuwa wawili. Mmoja ni marehemu mumeo. Nataka kujua habari za wa pili."

"Wa pili ni mwanangu!" Mama Severini aliruka. "Severini! Yu hai, afande! Huyu hapa kanithibitishia sasa hivi, waliyemzika ni Msabah kabisa. Basi wangu yupo! Nisaidieni kumtafuta!"

Afande Tabia akamgeukia polepole.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiye mimi."

"Mara ya mwisho kuzungumza naye lini?"

"Siku ile ile! Kabla kidogo ya kuripuka. Alinipigia."

"Alikuwa wapi?"

Riyama alitaka kusema, "Mama, nyamaza."

"Dukani kwa Bi Nassra," alijibu Mama Severini, anafurahi kuwa kuna mtu wa serikali anayemsikiliza. "Alikuwa analitia gesi friji."

"Na nani?"

"Peke yake. Mwenziwe alikwenda kusali."

"Peke yake na friji?"

"Peke yake."

"Akakupigia simu wewe. Alisema nini?"

"Alinisalimia tu, afande. Anacheka. Mwanangu ana furaha sana."

"Kisha friji likaripuka, mwenziwe akafa, yeye hayupo katika maiti wala majeruhi." Afande Tabia alisema bila ya kupandisha sauti. "Mama, twende kituoni."

"Kumtafuta?"

"Naam. Kumtafuta."

Mama Severini alisimama, akajifunga kitenge kiunoni, tayari kwa safari. Hapo ndipo alipomwona askari wa mlangoni akitoa pingu. Alizitazama. Akamtazama Afande. Mtu anaweza kuona neno linavyoingia kichwani mwa mtu mwengine, na Riyama aliliona.

"Hapana," alisema Mama Severini. "Hapana, hapana. Severini? Severini hawezi! Anakwenda kanisani mtoto yule, anaogopa hata kuchinja kuku! Afande, mmekosea!"

"Yote utayasema huko."

Wakamtoa. Na kichochoro cha Mji Mkongwe hakina siri. Anayepiga chafya huku, anaombewa dua kule. Watu walikuwa wamekwishajaa. Neno lilitoka mdomo mmoja likaingia sikio jengine: ni mama wa mlipuaji. Mama wa mlipuaji huyo! Mbele yao alikuwa Borafya muuza mkaa, aliyemzika bintiye wiki ile. Hakupiga kelele. Alisimama tu njiani, jiwe mkononi.

"Pisheni!" askari alipiga ukelele.

Hakuna aliyepisha.

Jiwe la kwanza halikutoka kwa Borafya. Lilitoka nyuma, likampata Mama Severini begani. La pili likampiga juu ya jicho, damu ikashuka kwenye kitenge. Askari wakamzunguka, lakini walikuwa wawili tu, na kichochoro kilikuwa kimezibwa huku na huku.

"Riyama!" alilia Mama Severini. "Riyama, wewe unamjua! Waambie! Umekula naye, unamjua mwanangu, waambie!"

Riyama alikuwa kasimama kizingitini. Mwanamke wa eda hatoki nje. Hamad alikuwa nyuma yake, kamshika mkono juu ya kiwiko, anambana mpaka mfupani.

"Usithubutu," alimnong'oneza. "Watamwua, Riyama. Mtoto wako ana baba. Usithubutu."

Mara wakasukumwa wote wawili. Aliyewasukuma ni Bi Mwanapili.

Bi Mwanapili, ambaye tangu maziko hakuweza kusimama, alitoka kichwa wazi, nywele nyeupe zimesimama, akashika kuta, akafika mpaka mbele ya Mama Severini. Watu wakapisha. Hata askari walipisha, maana nani atamzuia mama wa marehemu?

Wakatazamana. Walikuwa wamewahi kupika pamoja wanawake hawa, sikukuu ya huyu na sikukuu ya yule.

"Mwanao," alisema Bi Mwanapili, na sauti iliyokuwa imekatika ilirudi mbovu kama bati linaloburutwa, "mwanao kaniulia mwanangu."

Akamtemea mate usoni.

Mama Severini hakujifuta. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, damu na mate usoni, akashika miguu ya Bi Mwanapili.

"Kama kafanya," alisema, "kama ni kweli kafanya, basi nipigeni mimi. Nilimzaa mimi. Nipigeni."

Borafya aliinua mkono.

Riyama hakukumbuka baadaye alivyojinasua. Kanga ilibaki mkononi mwa Hamad. Alijikuta nje, juani, mbele ya mji mzima na eda yake.

"Mama!" alipiga ukelele.

Wanawake wote wawili wakageuka.